Kitambaa cha Kepteni

Jumamosi jioni, Kitengela

Eti umoja! Nimetupa mpira mwenyewe, nimekimbia kuudaka mwenyewe, nimeipiga timu ya Bissil peke yangu, halafu Kocha Mutua anasema tumeshinda kwa umoja.

Umoja na nani? Kwa hii ligi yetu ya besiboli, ukiangusha mpira mara tatu kwa mechi moja unageuka nyumbu. Wenzangu wote wanane wameshageuka. Leo walikuwa wanakula nyasi katikati ya uwanja, na mimi nakimbia nikiwaruka.

Baada ya mechi kocha akamfanya Lemayian kepteni. Akamfunga kitambaa kwa pembe.

"Kocha, huyo ni nyumbu," nikamwambia.

"Lakini hajawahi kosa mazoezi. Wewe Alhamisi ulichelewa."

Atakosa aje? Si analala hapo hapo uwanjani!

Kuna kitu sijamwambia kocha. Leo mpira uliniponyoka mara mbili. Hiyo bado si shida. Shida ni kwamba tulipokuwa tunatoka niliangalia ile nyasi iliyoota baada ya mvua, fupi, mbichi, na mate yakanijaa mdomoni.