Kabati la Mti Wangu

Kwako mdogo wangu Tetsuo,

Theluji imeyeyuka, na figili nilizotia chumvi zimekolea.

Jana nililikuta kabati langu la mbao, lile nililoliacha kwako, liko mkahawani, limebebeshwa mashine ya kahawa. Mwenye mkahawa akajisifu, "Pambo la kale hilo mama, halina hata mkwaruzo!"

Nakupigia simu, unanijibu, "Ndiyo, nililiuza. Si hukuolewa, dada? La nini?" Huna hata haya! Mti wa kabati hilo Baba aliupanda siku niliyozaliwa, akaukata nilipochumbiwa ili anichongee kabati la kwenda nalo kwa mume. Mchumba aliondoka, kabati likabaki langu.

Lirudi kabla ya Jumapili. La sivyo nakuja kuung'oa mche uliompandia binti yako Chizuru alipozaliwa mwaka jana. Si naye hajaolewa?

Dada yako,
Fumie