Magokoro Hataki Tambarare

Jumatatu, 4 Agosti
Magokoro amegoma tena. Katikati ya Nyamira, mbele ya watu! Magokoro ni gari langu. Watoto waliliita hivyo, yaani bibi kwa Kigusii, kwa heshima ya umri. Stata ilikufa mwaka jana, kwa hiyo huwaka kwa mteremko tu: naegesha kilimani, naachia breki, natia gia ya pili, anakohoa, tunaenda. Namshukuru Mungu aliyeiumba Gusii bila tambarare. Lakini leo lori lilisimama mbele yangu.

Nyanchera kaniuliza: mume wangu, tunatengeneza au tunauza? Nikasema nafikiria. Akasema nilianza kufikiria tangu binti yetu Phanice akiwa chekechea, na sasa anavaa viatu vya mama yake.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa Obwocha, fundi wangu pale Daraja Mbili. Alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole kama anayefunika maiti. Stata, klachi, na injini inakunywa oili kama mlevi. Nikamuuliza, lingekuwa lako ungefanyaje? Akasema angemwita daktari wa ng'ombe. Gereji nzima ikacheka. Daktari wa ng'ombe ni mimi.

Na kweli, angekuwa ng'ombe wa mtu ningeshaamua zamani. Nawaambia wakulima kila siku: huyu amezeeka, anakula bure, uza. Sipepesi macho. Lakini Phanice alizaliwa ndani ya Magokoro, nusu ya njia kwenda hospitali. Nani anauza wodi ya uzazi?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeenda kwa Jibril, anayeuza magari mjini Kisii. Mstaarabu, alinikaribisha chai kwanza. Akamzunguka Magokoro mara moja. Akasema tairi ni nzuri. Nikangoja. Akanywa chai. Nikauliza, na gari lenyewe? Akasema atanisaidia kuliondoa.

Kisha akanionyesha jingine, jeupe. Linawaka kwa kubonyeza kitufe. Nikabonyeza — likawaka papo hapo, kwenye tambarare! Nikalizima, nikabonyeza tena. Na tena. Jibril akachukua ufunguo wake kwa upole.

Nimeamua. Nauza.

Ijumaa, 8 Agosti
Sijaamua.

Jumamosi, 9 Agosti. Sabato
Mgeni aliegesha kwenye mteremko wangu pale kanisani. Baada ya ibada nikahitaji wasukumaji. Mzee Angwenyi akauliza kama kusukuma gari siku ya Sabato si kazi. Nikamkumbusha ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Akajibu kwamba ng'ombe ana uhai, hili hata fundi ana shaka nalo. Mabishano yakawa marefu kuliko mahubiri. Mwishowe kwaya ilisukuma ikiimba, maana kuimba si kazi.

Nyanchera hakucheka. Njiani akaniambia mama yake analalamika: mkwe wake anamdharau. Mwaka mzima sijakanyaga kwake Nyacheki. Mwezi uliopita ng'ombe wake alipougua, akaita daktari mwingine. Daktari mwingine, na mimi nipo! Hilo limeniuma hadi sasa.

Simdharau hata kidogo. Boma lake liko bondeni kabisa, kando ya mto, tambarare kama sahani. Magokoro akizimika kule, hatoki. Nyanchera anasema niseme ukweli. Nitaanzaje? Nilitoa mahari kamili, nikavaa suti, halafu nikiri kwamba nashindwa kumtembelea mama mkwe kwa sababu ya stata?

Jumapili, 10 Agosti
Naandika nikiwa nyuma ya usukani. Bondeni.

Alfajiri mama mkwe alimpigia Nyanchera. Ng'ombe wake, na ni huyo mmoja tu wa maziwa, alizaa usiku, sasa amelala, shingo imepinda, hainuki. Yule daktari mwingine hashiki simu. Ugonjwa huo naujua: kalsiamu imepungua mwilini, na ukichelewa unakuta ngozi. Nyanchera akasema twende na boda. Mimi nikasema siwezi kufika kwa wakwe nimepakiwa kama mkungu wa ndizi. Kiburi si maungwana, na leo nimekiona.

Lakini ng'ombe amesimama! Nilimtia dawa mshipani taratibu, akatetemeka, akabeua, akainuka mwenyewe. Mama mkwe alikuwa mbali, kwenye mlango wa jikoni, uso kaugeuzia shamba la majani chai. Ndiyo chinsoni yetu: mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hawashikani hata mkono. Ila nilimsikia akimshukuru Mungu, na jina langu likatajwa humo. Nilifurahi hadi nikashindwa kufunga sanduku la dawa.

Nilikuwa nimemwacha Magokoro akinguruma, makusudi. Ng'ombe alipoinuka tu, yeye akazimika.

Majirani wote wako harusini ng'ambo ya mto. Nyanchera alisukuma peke yake, gari halikutikisika. Ameenda kutafuta vijana. Nimebaki hapa najifanya naandika mambo ya maana.

Kwenye kioo namwona mama mkwe. Ametoka jikoni. Anajifunga leso kiunoni, anakaza fundo. Anakuja huku. Hapana, mama, tafadhali. Anapita nyuma ya gari. Nikishuka tusukume wote, tutagusana mabega. Nikikaa, mama mkwe atanisukuma kama gunia kwenye mkokoteni. Katika chinsoni hakuna aliyefikiria magari.

Mikono yake iko kwenye buti la gari. Uso bado ameugeuzia majani chai. Amesema:

"Mwaka mzima nilijua umenikataa. Kumbe ni gari. Tia gia ya pili, tata."

Tata! Hivyo ndivyo anavyowaita wanawe wa kuzaa. Macho yananiwasha na sitaki kioo kinionyeshe.

Nimetia gia. Mguu uko kwenye klachi. Binti yake hakuweza hata kulitikisa, na sasa, Mungu wangu, Magokoro anasogea —