Mgongo wa Kadibodi

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata Mwizi wa Taa, bibi wa filamu yetu ya vivuli! Hatimaye! Wiki nzima nakata vibibi vya kadibodi vinavyotembea kama bata walevi. Leo jioni Shangazi kasimama mbele ya taa kutunga uzi kwenye sindano, kivuli chake kikaangukia ukutani. Mgongo ule. Kichwa kimetangulia, mkono mmoja umeshika kiuno. Nikachukua penseli, nikaifuata mistari yake harakaharaka. Hakuniona, alikuwa anagombana na tundu la sindano.

Cherehani ndiyo iliyompinda. Ndiyo iliyonisomesha pia. Kwenye kadibodi nikaongeza mgongo kidogo ili uonekane vizuri kwenye filamu. Kidogo tu. Kiunoni nimefunga waya, anatembea mwenyewe kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Duara la Ijumaa, kwenye gereji tunamofanyia kazi. Kikundi chetu kina sheria moja, na tunaringa nayo: hakuna kikaragosi kinachopigwa picha kabla aliyekikata hajasema mbele ya wote kimetoka wapi. Mzee wa Taa (si mzee, ana upara tu) akawasha, nikamtembeza bibi wangu nyuma ya pazia. Akaiba mwanga wa jirani, akautia kwenye chungu, akataka kutoroka—mgongo ukakwama mlangoni. Gereji nzima hoi! Mwongozaji alikuwa anajifuta machozi.

Akaniuliza, huyu umemtoa wapi? Watu bado wanacheka. Ulimi ukateleza. Hapana, haukuteleza, niliupeleka mwenyewe. Nikasema nilimwona sokoni, mama mmoja hivi. Simjui.

Simjui! Shangazi aliyenilea tangu nina meno ya utoto. Wamenipa jina, Fundi Mwendo, na mimi nikatabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Taa imeunguza pazia, tundu la ukubwa wa kiganja. Kitambaa kingine cha upana ule hakipatikani, na kiraka hakitakiwi kuonekana mwanga ukipita. Mwongozaji akanigeukia: si shangazi yako ni fundi cherehani? Nikasema ana kazi nyingi. Nikasema macho yanamsumbua. Njia ya mwongo fupi—akampigia simu mwenyewe, maana Shangazi aliwahi kumshonea suruali.

Shangazi kafurahi mno. Anasema kesho ndiyo ataviona hivyo vivuli ninavyovisifia kila siku. Kumbe hajawahi kualikwa. Na wa kumwalika nilikuwa mimi.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nilimficha bibi nyuma ya makopo ya rangi. Shangazi akaja na gauni lake la kuendea harusi za watu. Akachomoa nyuzi kwenye pindo la pazia lenyewe, akaziba tundu kwa mkono, polepole, huku anawatania wote. Mzee wa Taa kaambiwa akae mbali na pazia, upara wake usije ukaunguza tundu jingine.

Kisha Mwongozaji akataka kiraka kijaribiwe kwa mwanga. Leteni Bibi! Nikasema sijui kikaragosi kilipo. Mzee wa Taa akakiona—msaada wake huo!—akakitembeza mwenyewe. Mimi nimesimama ubavuni mwa Shangazi. Bibi akaiba, akakimbia, akakwama mlangoni. Wakacheka.

Shangazi naye alicheka. Mwanzoni. Halafu mkono wake ukatoka kiunoni, ukaja mbele, ukashika mkoba.

Mwongozaji, kwa fahari kabisa: "Huyu alimwona mama mmoja tu sokoni, Shangazi. Hata hamjui!"

Shangazi akanitazama. "Humjui?"

Nafasi ndiyo hiyo, nimeletewa mkononi. Nikatazama pazia. Nikasema sokoni kuna watu wengi.

"Kweli," akasema. "Ni wengi." Akakusanya sindano zake.

Sijui niuweke wapi uso wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Hajaninunia. Heri angeninunia! Kanipakulia chakula, kauliza kama kiraka kimeshika. Ila hapiti tena mbele ya taa. Akitaka kunyanyuka anasubiri kwanza nitoke.

Leo nilirudi ghafla kuchukua ufunguo. Nimemkuta kauegemea ukuta, visigino vimegusa, anayasukuma mabega nyuma, yaguse nayo. Hayagusi. Aliponiona akasema anapima, anataka kuweka pazia hapo. Ukuta ule hauna dirisha.

Kwenye duara nilikaza waya za wengine, sikumtaja.

Jumapili, 16 Machi

Nimekata bibi mpya, amenyooka kama mlingoti. Mwongozaji akauliza, huyu nani, askari wa gwaride? Hakuna aliyecheka. Wamerudi kwa yule wa kwanza.

Na jingine. Sauti ya Shangazi imemkaa Mwongozaji kichwani, anataka iwe sauti ya Mwizi wa Taa. Nikasema hatakubali. Akampigia.

Amekubali.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nyuma ya pazia, nimepiga magoti. Taa inapoozwa.

Shangazi yuko upande wa pili, karibu na dirisha, mbele ya kinasa sauti. Gauni lilelile la harusi. Kabla hatujaanza aliuliza, huyu bibi mnataka aongeeje? Mwongozaji akamwambia aongee apendavyo. Taa ikawaka, nikashika vijiti. Ikaja sauti ile inayoniamsha kila asubuhi:

"Haya, mwanangu. Nitembeze."

Hayamo kwenye hadithi, maneno hayo. Bibi wetu hana mtoto. Mwongozaji akapiga makofi, nzuri sana, tunayaacha! Mkono wangu ukakataa kwenda. Nikasema waya umelegea. Ndipo taa ikazimwa.

Sasa mwanga uko kwao tu, wa dirishani, na kivuli cha Shangazi kimeangukia kwenye pazia, upande wangu. Amesimama. Anajua nakiona, na hajasogea. Nimemweka bibi wa kadibodi kando yake, bega kwa bega.

Mgongo wa Shangazi haujapinda hivi. Hata nusu haufiki. Huo mwingine wote nimeukata mimi kwa wembe, kwa kutaka watu wacheke.

Mwongozaji anauliza kama waya umekaza. Shangazi ananijibia: mwacheni, huyu ana aibu tangu mdogo. Wanacheka. Hata sasa ananikinga.

Mzee wa Taa anataka kuwasha. Akiwasha, kivuli cha Shangazi kitafutika, kitabaki hiki changu cha kadibodi. Nimemwambia bado. Anauliza kuna nini tena.

Bado, nimesema. Bado—