Kabla Nassibu Hajaomba Radhi

Kitulo, Makete
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Assalaam alaykum wewe na wote hapo Mchukwi. Goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Mashavu bado anakuibia sukari? Mpunga mmeshauvuna au ndege wamewatangulia? Mimi na mimba yangu ya miezi sita tupo, ila kukaa siwezi. Mistari hii michache tu nimeshainuka mara tatu, nimechungulia barabara, nimerudi.

Baada ya salamu, baridi ya huku haisimuliki. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Navaa koti la mkweo Nassibu juu ya kanga tatu na bado meno yanagongana. Ule mchele ulionifungia nimeupika kila namna: maji yanachemka upesi, lakini wali unabaki na kiini. Maharage ndiyo usiseme, yanashinda jikoni kutwa. Nassibu anakula, anasema mtamu. Mwongo mkubwa huyo, Mungu amhifadhi.

Yule mwanamke niliyemsikia kwenye simu akimwita Nassibu aende kula, nikakosa usingizi wiki mbili, nimemwona. Ni mama mwenye nyumba, mjane asiye na meno ya mbele, na amenipokea kwa bakuli la viazi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Basi mama, hicho ndicho kilichonipandisha huku, si kingine.

Tatizo ni pumzi. Kutoka chumbani hadi bombani ni hatua ishirini, nami nasimama katikati kuhema, moyo unadunda, kichwa kinazunguka. Jana nilianguka pale pale na ndoo yangu. Nassibu akanipeleka zahanati. Muuguzi alinifunua kope, akanipima damu, akasema imebaki saba. Alieleza kwamba wajawazito wengi wa huku wanaishi vizuri tu, lakini mwenye damu pungufu akipanda juu hivi, ambako hewa ni nyepesi, anamtia mtoto hatarini. Akaniandikia nishuke niende hospitali, na gari la kushuka ni kesho. Mtoto anacheza, alhamdulillahi. Kisha akaomba kadi yangu ya kliniki. Nikasema imepotea njiani.

Tangu hapo Nassibu hana raha. Anajilaumu, anasema yeye ndiye aliyenikubalia nije bila kufikiri. Amenunua gunia la viazi akuletee, na maneno ya kukuomba radhi ameshayatunga. Hivi sasa yuko nyuma ya nyumba anayarudia peke yake, nami namsikia. Mama, siwezi kuvumilia.

Kadi haikupotea. Iko hapo nyumbani, chini ya godoro langu. Nilikwambia muuguzi wa kliniki ameniruhusu kusafiri. Hakuniruhusu. Alinipima akakuta nane, akaandika kwa wino mwekundu nisiende popote, nimeze vidonge vya damu, nirudi baada ya wiki mbili. Wewe ulisema muuguzi akikubali niende; nikakuletea kukubali kwake kwa uongo, na Nassibu nikamwambia mama ameridhia. Vidonge navyo, kwa kuwa vilinichafua roho, nilivifunga kitambaani nikavificha na kadi. Hofu yangu yote niliimaliza kwa mume, mtoto sikumbakizia hata chembe. Sasa ninayo ya kwake, na ndiyo inayoniinua kila nikikaa.

Kwa simu ningekudanganya tena. Nikisikia sauti yako nitasema mzima, najijua. Kwa hiyo barua hii siitumi. Kesho tunashuka hospitali, na wakiniruhusu, safari hii kwa kweli, tutakuja hapo moja kwa moja, na nitaileta mwenyewe. Salamu kwa Mashavu na majirani nitazitoa kwa mdomo wangu, kama watu watakuwa bado wanazitaka.

Nitakupa mlangoni, kabla hujanikumbatia. Isome hapo hapo. Nassibu atakuwa nyuma yangu na gunia begani, ameshafungua mdomo kuomba radhi. Mwambie anyamaze, atue viazi vyake. Halafu unitazame mimi.

Mwanao,
Salwa