Ochola Anafunga Mlango

BARNABA OCHOLA
Fundi wa pampu, Gongoni
Alituacha tarehe 31 Agosti 1985

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipokaa chini kando ya mashine yako ya sinema, ukaegemea gunia la chumvi kama mtu aliyechoka kidogo, nasi tusijue kwamba umeshaondoka.

Ulikuja pwani kutoka kwenu Siaya kwa kibarua cha miezi sita, kutengeneza pampu za mashamba ya chumvi. Ukakaa miaka ishirini na minane. Ulioa hapa, ukazaa hapa, lakini adabu za hapa zilikuchanganya hadi mwisho. Ulimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea, nao wakawa wanakuitikia marahaba bila kucheka. Mama alikukataza mpaka akachoka. Wewe ulisema shikamoo moja ya ziada haimuumizi mtu.

Chai yako ilikuwa ya vijiko vinne vya sukari. Mifuko yako haikukosa chumvi. Suruali yako ya kaki bado imekunjwa kabatini, na Mama akiitoa kuianika, punje huanguka sakafuni. Hajaifua. Anasema ataifua wiki ijayo, na amesema hivyo mwaka mzima.

Lakini watu wa Gongoni wanakukumbuka kwa sinema. Meneja mmoja mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alikuachia mashine na mkanda mmoja tu: katuni ya zamani ya nyimbo za watoto wa ng'ambo. Bata aliyevaa viatu. Kizee anayeoka mkate mkubwa kuliko nyumba yake. Mwezi unaokohoa. Na mwishoni, wanakondoo wanaorudi nyumbani mmoja mmoja, mlango umeachwa wazi ukiwangoja. Sauti ya mkanda ilikuwa imekufa kitambo, kwa hiyo sauti ikawa ni wewe. Bata wako alizungumza kama karani wa mishahara. Kizee alikuwa Mama kabisa, naye Mama alijua, akawa anakununia hadi Jumapili.

Kila Jumamosi alasiri ulipewa ghala. Madirisha ulifunika kwa magunia. Mlango wa chuma uliuacha wazi upana wa mtu mmoja, hewa ipite, ukatundika gunia hapo pia. Mlango ule umeliwa na kutu ya chumvi. Kuusukuma ni kazi ya wanaume wawili, na unalia hadi unasikika barabarani.

Walipofika wanakondoo ulikuwa na mtindo wako. Kila aliyeingia ulimpa jina la mtoto aliyeketi mbele yako. "Mwanasiti ameingia. Masha ameingia. Thuku ameingia." Hukumruka mtu hata siku moja. Aliyechelewa ulimtafutia kondoo wake. Yule wa mwisho, mnene anayechechemea, ulikuwa wewe. "Na Ochola je?" uliuliza, na ghala zima likajibu, "Anafunga mlango!" Ndipo watoto walipoinuka kwenda kwao.

Siku ile uliwaita wote isipokuwa wawili. Aliyefuata alikuwa Kache, binti yangu, mjukuu wako wa miaka mitano, aliyeketi mbele kabisa akingoja zamu yake. Ukanyamaza. Kondoo wawili wa mwisho waliingia bila jina, mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe. Watoto walicheka, wakidhani ni mzaha wako mpya. Kache hakucheka.

Tulikupeleka Siaya, tukakuzika kwenu kama ilivyotakiwa. Tuliporudi Gongoni, Kache alisimama mlangoni mwa nyumba yetu. Akabisha hodi vizuri, kama alivyofunzwa. Tukamwambia karibu. Hakusogea.

"Sijaitwa," alisema.

Nikamwita. "Kache, ingia, mama."

"Siyo hivyo. Babu naye hajaitwa. Yuko hapa."

Mkono wake mmoja alikuwa ameuinua juu, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima.

Nikuambie ukweli, Baba, nilimchapa. Nisamehe. Nilidhani ni ukaidi. Tulimbeba tukamwingiza kwa nguvu, na kila tulipomwachia alitoka, akaketi nje ukutani, akisogea pembeni kumwachia mtu nafasi kivulini. Tukawa tunamlisha hukohuko. Mchungaji alikuja, akaomba kwa muda mrefu sana, na Kache akaitikia amina kutoka nje. Akilala tulimwingiza, akiamka tulimkuta kashatoka. Mvua za Mei zilimlowesha, akapata homa ya mapafu. Hospitalini Malindi aliingizwa akiwa hajitambui. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu yale hayatastahimili mvua nyingine kama ile. Nilirudi nyumbani nikihesabu miezi iliyobaki hadi vuli, nikaogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa.

Dawa niliijua, na Mama aliijua. Majina yamalizwe. Lakini kuyamaliza ni kukuita wewe kwa jina mbele ya mlango, na Mama alifundishwa na bibi yake, kule Marereni, kwamba marehemu haitwi penye mlango. Mwaka mzima hakukutaja. Alisema "yule", au "mwenye suruali".

"Akiitwa anakuja, Idah," aliniambia. "Na akija, ni nani wa kumwambia arudi?"

"Mama, huyu hajaenda."

Alichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kisha akaniuliza kama mzee wa funguo bado yuko palepale ghalani.

Mzee Mahadhi, mtunza ghala, hakutuuliza maswali. Alimwamkia Mama, akampa ufunguo kwa mikono miwili. "Mashine sijaigusa tangu siku ile, bibiye," alisema. "Lakini sitakuficha. Baadhi ya Jumamosi, wallahi, nimekuwa nikiisikia ikizunguka."

Basi Jumamosi iliyopita tuliifungua. Kahindi, mume wangu, aliurudisha mkanda mwanzo kwa mkono, polepole, kama ulivyomfundisha. Watoto wa mwaka jana walikuja. Hatukuwaalika, wala sijui nani aliwaambia. Kila mmoja aliketi palepale alipoketi siku ile. Kache alibaki mlangoni upande wa nje, akichungulia kando ya gunia, na mkono wake mmoja ukiwa juu.

Mama ndiye aliyekuwa sauti. Bata wake alikuwa bata mbaya, ungecheka hadi ukohoe. Kizee alimpitisha kimya. Walipotokea wanakondoo alisimama, akajifunga leso vizuri.

"Mwanasiti ameingia. Masha ameingia. Thuku ameingia."

Watoto hawakucheza. Kila aliyeitwa alishusha pumzi tu.

"Kache ameingia."

Gunia likasogea. Mwanangu alipita katikati ya watoto, akaja kuketi mapajani pangu. Alikuwa wa moto kwa jua la nje, isipokuwa ule mkono mmoja, ambao ulikuwa baridi.

Kondoo mnene alikuwa bado njiani, anachechemea. Mama akakawia. Nilisikia anavyopumua, nikajua anataka kuacha, na kama angeacha nisingemlaumu. Kondoo akafika kizingitini.

"Na Ochola je?" Mama aliuliza.

"Anafunga mlango," watoto walijibu, kwa sauti ya chini.

Mkanda ukaisha, ukuta ukawa mweupe. Nyuma yetu chuma kikaanza kulia, taratibu, kama kinavyolia siku zote kikisukumwa. Mwanga uliokuwa ukipenya kando ya gunia ukawa mwembamba, kisha haukuwepo. Kahindi na Mzee Mahadhi walikuwa kando ya mashine, nikiwaona. Nje hapakuwa na mtu. Baadaye tulitazama, na mchanga ulikuwa na nyayo za Kache tu.

Hakuna aliyegeuka. Kahindi akazima mashine. Tulikaa gizani, nayo harufu ikatufikia, ya chumvi na chai yenye sukari nyingi. Mama akasema, kama anayemsemesha mtu aliyetoka kazini, "Umekaa juani mwaka mzima. Haya, pumzika." Hatukufanya haraka kuufungua ule mlango.

Tangu siku hiyo Kache anaingia nyumbani mwenyewe, bila kungoja. Nasi tukisahau mlango wazi, tunaukuta umefungwa. Mama huinua kichwa kutoka jikoni akasema, "Asante, Ochola," kisha akaendelea kupika.

Unakumbukwa na mkeo Kadii, binti yako Idah, mkweo Kahindi, mjukuu wako Kache, ndugu zako wa Siaya, na watoto wote wa Jumamosi, Gongoni.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Hatutakuita tena mlangoni. Tunajua uko ndani.