Mtoto Aliyechoka Kungoja Jina

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Wilaya ya Haizhu,
Guangzhou, China.
14 Mei 2025

Mzee Gaudence,
Muleba, Kagera,
Tanzania.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu kuliko ulivyokuwa tulipozungumza mara ya mwisho. Goti lako linaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na migomba ya upande wa bondeni, mnyauko umekoma au umezidi kupanda? Naomba unijibu yote.

Mimi ni mzima. Guangzhou imeingia msimu wa mvua, kuta za bweni zinatoa jasho na nguo hazikauki. Masomo ya utawala wa umma yanakwenda vizuri na nimebakiza mwaka mmoja tu.

Sijawahi kukuandikia tangu tumzike Mama Mkubwa mwezi Februari. Nasema tumzike, ingawa mimi nilisimama hapa koridoni na simu sikioni, nikisikia udongo na nyimbo kutoka mbali. Pole sana, Baba. Najua nyumba hiyo imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Nimechagua kalamu kwa sababu wewe nami hatumalizi mazungumzo kwa simu. Mmoja hupandisha sauti, kisha tunausingizia mtandao. Barua hii naikabidhi kwa Heriel, mfanyabiashara wa Moshi anayesafiri kesho, naye atampa Jovin mkononi Dar es Salaam, ili mwanao akuletee mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita mjukuu wako aliandikishwa. Ana cheti cha kuzaliwa, na katika cheti hicho ana jina. Najua ulisema nini Jovin alipokudokeza nia yetu. Alitufikishia neno lako bila kulipunguza: mtoto atakayepewa jina na karani asiletwe uani kwako. Mkweo Albina na mtoto wanapanda ndege wiki ijayo. Ninakuandikia, basi, nikijua kwamba wanakuja kwenye mlango ambao huenda umefungwa.

Niruhusu nianze mwanzo, kwa sababu sidhani kama kuna aliyekusimulia kwa ukamilifu. Albina alikuja Oktoba kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, mimba ikiwa ya miezi saba, akitarajia kurudi mapema. Akaenda soko la Zhongda kuchagua vitambaa, mzigo ukachelewa kiwandani, lakini mtoto hakuchelewa. Alizaliwa Novemba, kabla ya wakati wake, mdogo wa mwili na mwenye sauti ya dalali wa mnadani.

Jovin alipokupigia kuomba jina, ulimjibu kwamba mjukuu wako wa kwanza atapewa jina akiwa mikononi mwako, nyumbani kwako, kama yeye Jovin alivyopewa mikononi mwa babu yake. Albina aliposikia hivyo alifurahi. Naomba ulikumbuke hilo kila utakapomfikiria: alifurahi. Alijiona amepokewa. Hospitali ilipomuuliza waandike jina gani, akawaambia litatoka kwa babu, nao wakamwambia arudi atakapolipata.

Hapo ndipo tulipojifunga wenyewe. Pasipo jina, hospitali haitoi cheti. Pasipo cheti, ubalozi hauwezi kumpa mtoto hati ya kusafiria. Pasipo hati, hakuna ndege itakayompakia. Nawe ulikuwa umesema kwamba pasipo kumshika mikononi, hutoi jina. Nimesoma vitabu vingi vya utawala, Baba Mkubwa, lakini sijakutana na duara lililofungwa sawasawa namna hii. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba kila aliyelishikilia upande wake alilishikilia kwa nia njema.

Miezi ikapita. Albina alimbeba mgongoni kati ya majora ya vitambaa, na wauzaji walipouliza mtoto anaitwa nani hakuwa na la kuwaambia. Wakamwita Baobao, ambalo ndilo neno lao la mtoto mchanga yeyote. Mildred, mfanyabiashara wa Nairobi anayepanga chumba kimoja na Albina, hakunyamaza hata siku moja. "Wacha wewe! Hata handibegi zangu za soko la Shiling ziko na lebo, na huyu mtoto wa watu hana? Nyinyi watu wa Bukoba mna heshima mpaka inapita kiasi!" Albina alikuwa akicheka naye. Siku mtoto alipoanza kugeuza kichwa akisikia Baobao, hakucheka tena.

Kisha ikaja Februari. Mama Mkubwa alipolazwa, aliomba jambo moja tu, aletewe mtoto. Albina alihangaika ofisi hadi ofisi, mtoto kifuani, na kila dirisha lilimuuliza swali lile lile. Mama Mkubwa amekwenda akiwa amemwona mjukuu wake kwenye kioo cha simu, picha ikikatika-katika. Siandiki haya ili kukuhukumu. Wewe ndiwe unayeamka upande mmoja wa kitanda. Nayaandika kwa sababu ni majuto yetu sote, na sipendi liwe jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na hakuna anayelitaja.

Mwezi Machi wanafunzi wa mataifa mbalimbali walinipa jukwaa nizungumzie uandikishaji wa watoto duniani. Unanijua, sikuhitaji kubembelezwa. Nikawauliza: dunia inayojua idadi ya mapipa ya mafuta yanayovuka bahari kila siku, inawezaje kutojua watoto wake? Nikawaeleza kwamba takriban mtoto mmoja katika kila wanne walio chini ya miaka mitano hajaandikwa popote. Kwamba hao ni kama milioni mia moja na hamsini. Kwamba zaidi ya nusu yao wako Afrika, kusini mwa Sahara, ambako karibu nusu ya watoto wadogo hawamo katika daftari lolote la serikali. Mwenzetu wa Peru akasema kwao karibu kila mtoto huandikwa. Hapo nikawaka. Nikazishambulia serikali, nikazishambulia ofisi zilizo mbali na watu, nikamshambulia kila karani anayemwambia mama aliyetembea kutwa nzima arudi kesho.

Nilipoitaja tena ile milioni mia moja na hamsini, macho yangu yakamwangukia Mildred, safu ya nyuma, na binti yetu amelala mapajani mwake. Mmoja wao alikuwa mle ukumbini. Hakunyimwa cheti na ofisi ya mbali, wala na karani mvivu, wala na serikali isiyojali. Alikuwa hajaandikwa kwa sababu ya heshima. Hotuba yangu haikuwa na neno lolote la kusema juu ya hilo. Nilishuka kabla ya kuimaliza, na wenzangu wakadhani nimeugua.

Umewahi kuniambia kwamba wewe hukuwa na cheti cha kuzaliwa, na hukukosa shule, wala ndoa, wala shamba. Kila mtu Muleba alijua wewe ni mtoto wa nani. Ni kweli, na sitaibeza kweli hiyo mbele ya profesa yeyote. Ulizaliwa kati ya watu ambao ushahidi wao ulitosha. Mjukuu wako alizaliwa kati ya watu wema wasiomjua babu yake. Hapa nani angesimama aseme huyu ni wa Mzee Gaudence? Mimi peke yangu, na neno la mwanafunzi halivuki mpaka.

Mwanzoni mwa Aprili, Albina aliambiwa kwamba visa yake imeongezwa vya kutosha kwa ajili ya uzazi na haitaongezwa tena. Tukakupigia. Hukupokea. Jovin akakupigia, ukampa lile neno nililolitaja hapo juu. Basi tukaenda hospitali, mimi nikiwa mkalimani.

Karani alikuwa mama wa makamo. Aliisoma tarehe ya kuzaliwa, akavua miwani, akatutazama.

"Miezi mitano! Sasa nyumbani mnamwitaje?"

Yeye mwenyewe akainama dirishani, akasema kwa upole, "Baobao." Mtoto akageuka akamchekea, vidole vyote mdomoni.

"Haya, anaitika. Niandike hilo?"

Alikuwa anatania, wala hakukuwa na ubaya wowote katika utani wake. Lakini Albina hakungoja nimtafsirie. Aliweka kiganja juu ya fomu, akakikandamiza.

"Mwambie asiandike, dada. Mwambie anaitwa Sarah."

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini Sarah. Akanijibu bila hasira, huku machozi yakimtoka: "Nikimpa jina la kwetu, watasema nimemwiba. Nikimpa la kwenu, watasema nimejipa kiti cha mzee. Sarah halina ugomvi na mtu."

Nasikitika, Baba Mkubwa. Jina ulilomwekea mtoto huyu silijui. Huenda ni la mama yako, huenda ni la mtu ambaye sisi wa leo hatukubahatika kumwona. Halimo kwenye cheti, na karani alitueleza wazi kwamba kilichokwisha kuchapwa hakibadilishwi kwa urahisi. Nimezoea kutetea haki kwa sauti kubwa na kurudi chumbani nikiwa nimeridhika. Safari hii haki imetendeka na sikuridhika. Mtoto alistahili kuandikwa siku alipozaliwa, na wewe ulistahili kumpa jina ukimwangalia usoni. Sioni kwa nini moja lilazimike kufa ili jingine liishi, isipokuwa kwamba tulichelewa mno kuketi na kutafuta njia ya yote mawili. Ungeweza kutunong'oneza jina hilo kwa simu, kisha ukalitangaza tena siku ya kumshika, na mbingu zisingeanguka. Sisi tungeweza kukuomba hivyo Novemba ile ile. Hakuna aliyethubutu kukuambia, hata mimi ninayethubutu kila kitu.

Kuna jambo ambalo Jovin hajakuambia, kwa sababu nilimwomba aniachie. Fomu iliuliza jina kamili. Kwa utaratibu wetu wa nyumbani, mtoto huandikwa jina lake, la baba yake, kisha la babu yake. Nilimtajia karani herufi moja moja, naye akaziandika kwa uangalifu mkubwa, akirudia kila moja. Cheti kinasema: Sarah Jovin Gaudence. Hukutupa jina, Baba, tukachukua lako. Kila afisa atakayeifungua hati ya mtoto huyu kati ya hapa na Bukoba atalisoma jina lako kabla ya kugonga muhuri. Ndilo lililompatia ruhusa ya kusafiri.

Na lile uliloliweka moyoni, bado ni lako kulitoa. Serikali haitalijua. Sisi tutalijua, naye atakua akiitwa hivyo na watu wote wanaompenda.

Watafika Muleba Jumamosi ya wiki ijayo, mchana. Albina amesema hatabisha hodi. Atasimama uani na mtoto, na mlango usipofunguka ataendelea na safari hadi kwa mama yake Biharamulo, bila kulalamika wala kumshtakia mtu yeyote. Nami namwamini, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyo. Akiondoka siku hiyo, sidhani kama atarudi, na mtoto atajifunza kutembea kwenye ua wa watu wengine.

Nimewahi kusimama mbele ya watu wengi na kudai mambo makubwa. Kwako sidai. Ninakuomba utoke nje.

Nisalimie Shangazi Edina, mwambie sijasahau kwamba ananidai barua ya peke yake. Nisalimie mdogo wangu Flavia, asiiache hisabati hata mwalimu awe mkali vipi. Wafikishie salamu majirani wote waliokesha nawe wakati wa msiba. Mildred naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema siku moja atakuja kukuuliza maswali.

Mwenyezi Mungu akuongezee miaka, akupunguzie maumivu ya goti, na ajaze tena sauti za watu katika nyumba yako.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata tunapobishana,

Evaline