Usivuke Ziwa Juma Hii

Mujukuu wangu Lusangi wa Albertville, babu yako anakusalimu. Bibi yako iko muzima, muhogo imejaa shamba. Unauliza kama juma hii unaweza kuvuka ziwa kwa mutumbwi, wewe na mutoto wako. Hapana! Hapa Kasongo, siku tatu sasa, mawingu meusi inatoka upande wenu kila muchana.

Mimi nilikuwa mupiga kafi wa kwanza wa muto Lualaba, uliza mutu yeyote. Kwetu, muzigo haipakiwi mpaka nahodha aingie mutumbwini kwanza. Siku moja nahodha wetu, muzee kabisa, alikaa kwenye muchanga, akakataa kuingia. Muzungu wa serikali akapiga kelele. Basi mimi nikaingia, nikapakia.

“Muzee anaogopa!” nikacheka. “Lualaba inanijua!”

“Inakujua,” akajibu. “Na upepo je?”

Tukaondoka bila yeye, mimi na rafiki yangu Sefu. Upepo ilitukuta katikati ya muto. Sitaandika yote. Mimi nilirudi nikiogelea. Sefu hakurudi. Muzee alinifunika na nguo yake.

Hata leo hakuna wa kunishinda na kafi. Lakini ningengojea.

Kama mutu mwingine anafungua barua hii kwa sababu Lusangi amekwisha kutoka, kimbia kule pwani, muite kwa nguvu. Mwambie babu yake amekataza.